Jina "Mwanakupona": asili yake ni ipi, na mbona halisikiki tena?

UkwajuMchungu

Wanajukwaa, asalaam alaykum. Naomba ufafanuzi kuhusu jina la kike Mwanakupona. Limependekezwa kwa mtoto anayetarajiwa, na kila mtu ana tafsiri yake. Mmoja anasema maana yake ni "mtoto aliyepona". Mwingine anasema ni jina la ukoo wa waganga. Wa tatu anashikilia kwamba si jina hata kidogo, bali ni lakabu aliyobandikwa yule malenga wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, kwa sababu aliugua.

Ninachotaka kujua: asili yake hasa ni ipi, lilikuwa jina la wapi, kwa nini siku hizi halisikiki, na likiandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa liwe neno moja au mawili? Mwenye hoja aje na ushahidi tafadhali, hisia tunazo za kutosha.

Shela_Kaskazi

Wa alaykum salaam. Tuanze na kipande cha kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Katika Kiamu, Kipate na Kisiu, lahaja za visiwa vya Lamu, "mwana" likitangulia jina la mwanamke ni neno la heshima, sawasawa na "bi" au "bibi" ya Unguja. Mwenzake kwa mwanamume ni "bwana". Ndiyo maana mume wa malenga huyo, sheikh wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, anajulikana kama Bwana Mataka, na mkewe ni Mwana Kupona. Mtawala wa kike wa Pate katika karne ya 18 alikuwa Mwana Khadija. Masimulizi ya asili ya mji wa Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi. Unguja ya karne ya 17 ilikuwa na malkia Mwana Mwema. Hao wote ni watu wazima wenye mamlaka, na hakuna aliyekuwa akiitwa mtoto.

Ushahidi mwingine umo ndani ya majina yenyewe. Mchukue Mwanaisha. Kama maana ingekuwa "mtoto wa Aisha", basi Aisha angekuwa mama yake. Lakini Aisha ndiye yeye mwenyewe. Vivyo hivyo Mwanafatuma, Mwanahawa, Mwanahalima. Heshima imegandana na jina mpaka ikaandikwa nalo. Wanaume nao wana Mwinyi iliyogandana hivyo hivyo: Mwinyihaji, Mwinyijuma, Mwinyikombo.

Kuna kundi la pili. Juma ni mwanamume, Mwanajuma ni mwanamke. Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi, Kombo na Mwanakombo. Hapa "mwana" ina kazi ya ziada: ndiyo inayolifanya jina liwe la kike. Ulimi ukiharakisha, silabi inamezwa, Mwanajuma anakuwa Mwajuma. Mwasiti ndiye ananifurahisha zaidi, kwa kuwa Siti nalo ni neno la heshima kwa mwanamke, limetoka Kiarabu. Kwa hiyo huyo kapewa ubibi mara mbili.

Mwanakupona anasimama katikati ya makundi haya. "Kupona" ni kitenzi, hakina uke wala uume. "Mwana" inampa heshima na papo hapo inatujulisha kwamba ni mwanamke.

Kipande cha pili sasa. Kupona ni kuokoka: mtu amepona maradhi, amepona ajali, ameponea chupuchupu. Si "kuponya". Ukitafsiri Mwanakupona kuwa mponyaji au mganga umebadilisha kitenzi kizima, kwa sababu anayeponya anamtendea mwingine, na anayepona imemtokea yeye. Huo ukoo wa waganga uliotajwa umetokana na kosa hilo hilo. Pwani ina majina mengi ya kike yanayotokana na hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa: Tabu, Shida, Salama, Bahati, Sikudhani. Kupona linaingia humo bila taabu, iwe aliyepona ni mama katika uzazi au mtoto mwenyewe.

Hoja ya lakabu haisimami. Utendi aliomtungia bintiye Mwana Hashima unaeleza mwanzoni kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na hapo watu wanaunganisha maradhi na Kupona, wanapata hadithi tamu. Lakini beti za mwisho zinamtaja kwa jina lake, zinamtaja baba yake Mshamu, zinasema Pate ndiko alikozaliwa, na zinatoa mwaka: 1275 wa Hijria. Maradhi yaliyomjia utu uzima, akiwa tayari mjane mwenye binti wa kuozwa, hayawezi kuwa chanzo cha jina alilokuwa analo tangu zamani. Na hata hivyo hakupona. Alifariki miaka michache tu baadaye.

mtoto_wa_Makorora

Mkuu Shela, nakubaliana na mengi ila umekaza mno. Mwana ni mtoto. Mwanajuma ni mtoto aliyezaliwa Ijumaa, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Sasa iweje Mwanajuma iwe mtoto halafu Mwanakupona iwe bibi?

Shela_Kaskazi

Kwa msemaji wa leo wa Kiswahili sanifu, ndiyo, Mwanajuma inasikika kama mtoto wa Ijumaa, na wazazi wengi wanampa wakiwa na maana hiyo. Sipingi jinsi watu wanavyolielewa jina sasa. Ninachosema ni jinsi lilivyoundwa. Jaribu hivi: kama "mwana" ingekuwa mtoto tu, kwa nini hakuna wanaume wanaoitwa Mwanajuma na Mwanahamisi? Mvulana naye ni mtoto, naye huzaliwa Ijumaa. Mbona yeye anaitwa Juma kavu? Na sarufi nayo: tungetarajia "mwana wa Juma", "mwana wa kupona". Hicho kiunganishi hakipo kwa sababu hakikuhitajika, kama kisivyohitajika kwenye Bi Kidude.

mtoto_wa_Makorora

Hapo kwa wavulana umenibana. Endelea.

PangaNaKalamu

Ongezeo dogo kabla watu hawajachanganya mambo. Msilete hapa majina ya Kimijikenda na Kitaita yanayoanza na Mwa-, kama Mwakwere, Mwakio au Mwadime. Hiyo "mwa" ni nyingine kabisa, na wenye majina hayo wengi ni wanaume. Nimeshaona makala zinayaweka kapu moja na Mwajuma na Mwanaisha.

Kuhusu kwa nini halisikiki. Kwanza, Mwanakupona halikuwahi kuwa jina la kila nyumba kama Mwanaisha au Mwanajuma. Lilikuwa na wenyewe, watu wa visiwa vya Lamu: Amu, Pate, Siyu, Faza. Umaarufu wake nje ya huko umetokana na mtu mmoja na utenzi mmoja, si na wingi wa waliolichukua. Wanafunzi wa fasihi Tanzania na Kenya wanalifahamu jina hili hali hawajawahi kukutana na mtu anayeitwa hivyo.

Pili, usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya 1930 ikaanza kazi juu ya msingi huo. Kiunguja kina "bi", "bibi" na "siti" kwa ajili ya heshima. "Mwana" ya Kiamu haikuingia vitabuni kwa maana hiyo, ikabaki ile ya mtoto peke yake. Jina likipoteza heshima iliyo ndani yake, linabaki refu bila sababu, na mzazi anayeona "mtoto kupona" anahisi anamwita mwanawe mgonjwa.

Tatu, mtindo wa majina umehama. Angalia orodha yoyote ya darasa la watoto wa Kiislamu wa pwani leo: Rahma, Nasra, Ilham, Samira, Aisha bila Mwana. Mafupi, ya Kiarabu moja kwa moja, yanaandikika popote. Majina yenye kitenzi cha Kibantu ndani yake yalianza kuonekana ya kishamba, hukumu ambayo mimi naiona ya kionevu, lakini ndiyo iliyopita.

Na tusifiche: "Kupona!" ikiitwa kwenye foleni ya zahanati, kila mtu atainua kichwa.

Daftari_la_Kale

UkwajuMchungu, umeomba ushahidi, kwa hiyo nieleze jinsi ya kulitafuta jina hili kwenye maandishi kama unataka kujua kama lilikuwepo katika ukoo wenu.

Usianze na shajara za nasaba. Nyingi zimeandika wanaume peke yao, baba hadi babu, na wanawake wameachwa. Wanawake wanapatikana kwenye mali: mirathi, wakfu, mahari, mauzo ya shamba au nyumba. Kwa hiyo Lamu na Mombasa pa kuanzia ni kumbukumbu za kadhi, na kwa upande wa Unguja na Pemba ni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako hati za wakfu na za mauzo zimehifadhiwa. Miswada ya tenzi za kaskazini iko kwa wingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine iko chuo cha SOAS, London.

Tatizo kubwa ni hati za Kiarabu. Waandishi wengi wa zamani hawakuwa na herufi ya pe. Waliandika ba. Alama za irabu nazo ni tatu tu: dhuma inabeba u na o, kasra inabeba i na e. Kwa hiyo Kupona kwenye karatasi inaweza kusomeka Kubuna, Kubona, Kupuna, na msomaji asiyelijua jina ataandika chochote kinachomjia. Ukipewa unukuzi wa hati wenye "Mwana Kubuna", usiutupe. Omba kuona hati yenyewe, utazame kama kuna kaf, ba na nun kwa mpangilio huo.

Halafu nafasi kati ya maneno. Kwenye hati hizo mwandishi anaweza kuunganisha au kutenganisha apendavyo ili mstari ujae. Kwa hiyo hati ya zamani haiwezi kuamua ubishi wa neno moja au mawili. Wanaoutumia mswada kama hoja wanasoma kitu kisichokuwepo.

Tarehe. Hati zitakuwa za Hijria. Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Kwa 1275 unapata 1858 na ushei. Lakini mwaka wa Hijria hautoshani na wa Miladi: 1275 ilianza Agosti 1858 ikaisha Julai 1859. Mtu akiandika kwamba utenzi ni wa 1858, anachukua sehemu moja tu ya mwaka huo. Kwa nasaba hiyo ina uzito, kwa sababu kosa la mwaka mmoja linaweza kumfanya mtoto azaliwe baada ya mirathi yake kugawanywa.

Jambo la mwisho, angalia neno "binti". Zamani mwanamke aliandikwa Mwana Kupona binti Mshamu, basi. Baba mmoja, hakuna jina la tatu. Ukikuta wanawake wawili wa jina moja na baba wa jina moja katika mji mmoja, usiwafanye mtu mmoja mpaka umepata jina la mume au la babu.

karani_mstaafu

Nijibu la cheti, maana ndilo litakalomgharimu mtoto.

Andika neno moja: MWANAKUPONA. Herufi 11. Bila nafasi, bila kistari, bila K kubwa katikati.

Sababu ni hii. Fomu zetu zina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Kwa kawaida yetu ni jina la mtoto, la baba, la babu. Tuseme mtoto ni Mwanakupona, baba Ali, babu Omar. Ukiandika maneno mawili, karani mwenye haraka ataweka Mwana kwenye kisanduku cha kwanza, Kupona cha pili, Ali cha tatu. Babu kapotea, na baba kageuka jina la ukoo. Kosa hilo huwa halionekani siku hiyo. Litaonekana mtoto anapoandikishwa mtihani wa taifa, anapoomba kitambulisho, au anapoomba pasipoti, kwa sababu hapo ndipo majina yanalinganishwa na ya wazazi.

Kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Kila mstari una nafasi 44. Katika ule wa kwanza, nafasi 5 za mwanzo zinaliwa na aina ya hati na nchi, zinabaki 39 za majina. Ya mtoto wetu itakuwa:

P<KENOMAR<<MWANAKUPONA<ALI

Ukitenganisha inakuwa:

P<KENOMAR<<MWANA<KUPONA<ALI

Kwa mashine, hizo ni hati za watu wawili. Kibaya zaidi, mifumo mingi ya tiketi za ndege huondoa nafasi na kuunganisha majina, kwa hiyo tiketi inasoma kitu kimoja na pasipoti kingine. Mara nyingi afisa anaelewa. Si kila mara. Kistari nacho hakisaidii, kwa kuwa kwenye mistari hiyo hugeuzwa kuwa alama ile ile ya kujazia.

Muda: Tanzania Bara kizazi kisajiliwe RITA, wakala wa usajili, ndani ya siku 90. Kenya ni ndani ya miezi 6, baada ya hapo unaingia usajili wa kuchelewa, wenye vielelezo vingi zaidi. Kama jina liliingizwa vibaya, Kenya sheria inampa mzazi miaka 2 tangu usajili kulibadilisha kwenye daftari lenyewe. Ukipita hapo utahitaji hati ya kubadili jina na tangazo kwenye Gazeti Rasmi. Bara pia kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa, na pale ambapo tofauti ni ya tahajia tu, kiapo mbele ya wakili mara nyingi kinatosha kwa shule na benki. Lakini kiapo hakibadilishi daftari, kinaeleza tu kwamba Mwana Kupona na Mwanakupona ni mtu mmoja. Atakibeba maisha yote.

Maskati_Ruwi

Kwa ndugu wenye watoto Oman na nchi za Ghuba, tahadhari moja juu ya hayo ya karani. Hati za huku zinaandika jina kwa Kiarabu, na Kiarabu hakina p. Karani ataandika كوبونا. Siku jina likirudishwa kwenye herufi za Kilatini kutoka Kiarabu badala ya kunakiliwa kwenye pasipoti, linatoka Mwanakubona. Kila hati mpya ikitolewa, linganisha herufi kwa herufi na pasipoti papo hapo dirishani, kabla hujasaini.

Na jueni pia kwamba kwa msomaji wa Kiarabu cha leo, neno hilo linafanana sana na kuponi. Watoto watamtania. Ni utani mwepesi, ila mzazi ajue.

UkwajuMchungu

Nashukuru sana wote, nimepata zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili yamebaki. Kama jina kamili linaonekana refu, je, kuna ufupisho wa heshima? Na mama mtu anapenda maana lakini hataki "kupona". Kuna jina la ukoo huo huo wa majina linalokaribiana?

Shela_Kaskazi

Ufupisho: nyumbani "Mwana" peke yake kinatosha na ni kizuri, kwa sababu ndicho kipande cha heshima. "Kupona" peke yake nisingeshauri kwa sababu ambazo PangaNaKalamu amezitaja. "Pona" ndiyo usiiguse. Hiyo ni amri ya kumwambia mgonjwa.

Majina jirani: Mwanakheri, likiwa na heri badala ya maradhi. Mwanahashima, la yule binti aliyeusiwa, nalo ni adimu kuliko hata la mama yake, na halina utata wowote wa maana kwani Hashima ni jina la kike la Kiarabu lililo wazi. Salama nalo linabeba maana ile ile ya kuokoka bila kutaja ugonjwa, na kila karani analijua.

karani_mstaafu

Mwanahashima nalo neno moja tafadhali. Herufi 12. Na siku ya kuchukua cheti, usisome jina la mtoto tu. Soma na la baba na la babu, kila moja liko kwenye kisanduku chake.